Nimeokoa kwilti ya zamani ya viraka: niirudishe ilivyokuwa au niipange upya?

uzi_mwekundu

Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu kabla sijashika mkasi. Kuna watu walikuwa wanahama wakawa wanatupa vitu, nikaona wamefunika makochi kwa kwilti ya viraka (lile shuka zito la tabaka kadhaa, juu vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, ndani ujazo wa pamba), imetupwa juu tu hivi nusu iko chini kwenye vumbi. Nikawaomba wakanipa hapo hapo. Nilivyoikunjua nyumbani nikabaki naitazama tu, imeshonwa kwa mkono yote, sijaona mshono wa cherehani hata mmoja, na juu yake zimepita bandi, yaani mishono ya mkono, ndogo ndogo za nusu duara kutoka kona hadi kona zinazoshika tabaka zote. Aliyeifanya kazi hii alikuwa na mkono aisee.

Iko hivi: miraba 42, yaani 6 kwa 7, kila mraba una viraka 9 na upana wake kama sentimita 28. Sasa matatizo. Viraka vya kahawia na vyeusi vimekatika vyenyewe, ukivigusa vinatoa unga, lakini vya bluu na waridi vilivyoshonwa ubavuni mwake viko imara kabisa na hilo ndio linanichanganya maana vyote vimelaliwa pamoja miaka yote hiyo. Miraba 12 ndio imeumia zaidi na mingi iko upande mmoja. Pindo zote zimelika, kona moja imefumuka, kuna doa la maji la manjano katikati, na inanuka stoo.

Nataka itumike, ikae kitandani watu waione, sitaki niikunje tena ikafie kabatini. Ila nikiwaza kuibadilisha naona kama nafuta kazi ya mwenyewe, nikiwaza kuiacha ilivyo naona inazidi kuisha. Nyie mngefanyaje?

Mama_Tondoo

Mwanangu hongera kwa kuiokoa. Mkasi weka mbali kwanza.

Hiyo ya kahawia kufa huku jirani zake ni wazima ni jambo linalojulikana sana kwa wanaoshika nguo za zamani. Rangi nyingi za kahawia na nyeusi za zamani zilishikizwa kwenye pamba kwa chumvi za chuma, na kile chuma kinaendelea kula nyuzi polepole miaka nenda rudi hata kama kwilti imelala kabatini haijaguswa na mtu. Kwahiyo usimlaumu aliyeitumia. Ila ujue pia kwamba viraka hivyo havitibiki, ukivitia sindano vinakatika pale pale sindano inapopita, ukivifua vinaondoka na maji. Vya namna hiyo tunavifunika tu.

Halafu tafadhali usiifue kwanza, najua harufu inakera. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe kidogo, kibonyeze juu ya kila rangi kwa dakika chache uone kama kinapokea rangi. Nyekundu na bluu iliyokoza ndio za kuogopa zaidi. Kisha rudia kwa maji yenye sabuni laini, kwa sababu kuna rangi inatulia kabisa kwenye maji matupu ikikutana na sabuni inachuja. Na hata zote zikifaulu bado kuna habari ya uzito, kwilti ikilowa inakuwa nzito mno, ukiinyanyua kwa kona moja inajikata mishono yenyewe. Ndio maana inalowekwa ikiwa juu ya shuka, inanyanyuliwa kwa lile shuka watu wawili, inaanikwa bapa kivulini, haitundikwi kwenye kamba. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiisogeze hata karibu, inakula pamba.

Kwa sasa vumbi litoe kwa vakyumu, weka nguvu ndogo, tandaza neti juu ya kwilti ndio upitishe bomba juu ya hiyo neti ili viraka visinyonywe. Harufu iachie upepo, kivulini, siku kadhaa.

Na jambo moja la kufanya leo hii: usiku washa tochi nyuma yake, au ishike dirishani mchana, uangalie pamba iliyojazwa ndani imekaaje. Utaona kama imejikusanya mabonge au bado imetulia.

Kata_Shona

Mama Tondoo heshima yako, ila mimi niko upande wa kuipanga upya na hesabu yenyewe inakubali. Uzi_mwekundu umesema miraba 42 na 12 imeumia, zinabaki 30 nzima, si ndio? 30 ni 5 kwa 6. Ukifumua ukaitoa ile 30, ukaweka mkanda wa kitambaa kipya wa sentimita 5 kati ya kila mraba na kuzunguka nje, upana unakuwa miraba 5 ya 28 ambayo ni 140 na mikanda 6 ambayo ni 30, jumla 170. Urefu ni 168 na mikanda 7 ambayo ni 35, jumla 203. Ya mwanzo ilikuwa 168 kwa 196. Yaani unarudi karibu kipimo kile kile bila kiraka kimoja kibovu, mikanda mipya ndio inabeba uzito, na hiyo miraba ya zamani inapata nafasi ya kuonekana mmoja mmoja.

Tahadhari ni moja, miraba iliyoshonwa kwa mkono hailingani, utakuta mmoja 27 mwingine 28 na nusu, na ukiifumua na kuishona tena kila upande unakula milimita 6 nyingine za mshono. Kwahiyo pima yote, tafuta ulio mdogo kuliko wote, halafu iliyobaki iongezee fremu nyembamba au ipunguze ilingane. Ukianza kushona bila kupima utafika mstari wa tatu kila kitu kimepinda.

Mama_Tondoo

Kata_Shona hesabu yako ni safi, sina ubishi nayo. Wasiwasi wangu ni zile bandi za nusu duara. Zinavuka kutoka mraba hadi mraba, hazisimami kwenye mpaka, sasa ukitoa mraba mmoja umekata bandi za majirani zake wote wanne. Ili uipate hiyo 30 itabidi ufumue bandi zote za kwilti nzima, na hiyo ndio nusu ya kazi ya aliyeishona. Viraka angeweza kuvipata popote. Zile bandi ni mkono wake. Mimi ningesubiri tochi kwanza kabla ya kuamua.

uzi_mwekundu

Shikamoo Mama, na asante sana kaka Kata_Shona, nimezisoma hesabu zako na nilikuwa nimeshakubali kabisa mpaka jana usiku.

Nimeweka tochi. Nilitegemea kuona pamba, nikaona mistari. Miraba mingine, tena midogo kuliko hii ya juu, imekaa mshazari. Nikadhani ni kivuli, nikaenda kwenye ile kona iliyofumuka nikapanua kwa kidole taratibu, nikakuta ndani hakuna pamba iliyojazwa kabisa. Kuna kwilti nyingine! Nzima, ya zamani zaidi, nyekundu iliyofifia na nyeupe, imechakaa sana lakini ipo, na ile ya juu imeshonewa juu yake pamoja na kitambaa cha chini. Yale niliyodhani ni pamba inachungulia pindoni kumbe ni ujazo wa ile ya ndani.

Sasa sijui nifanye nini kwakweli. Niitoe? Naitamani niione yote.

Mama_Tondoo

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha mno, hiyo ilikuwa desturi ya watu wengi wanaoshona kwilti, ya zamani ikichakaa haitupwi inawekwa ndani ya mpya inakuwa ndio joto lake.

Usiitoe. Ukiitoa unapata kwilti mbili mbovu badala ya moja inayoshikana, kwa sababu sasa hivi ile ya ndani ndio inayoibeba ya juu na bandi za ya juu ndizo zinazoishika ya ndani isimong'onyoke. Wameshikiliana. Na habari ya kufua imekwisha, nyekundu ya ndani huwezi kuipima yote kwa kitambaa cheupe, ikichuja itapanda juu kwenye viraka vyeupe na hutaitoa tena maisha. Doa la manjano liache.

Kata_Shona

Basi mimi nimebadili mawazo, hapa hakuna kukata. Lakini kuipanga upya bado inawezekana, ila kwa kuongeza juu bila kutoa kitu. Ile miraba 12 mibovu usiifumue, ishonee miraba mipya juu yake, mzima mzima, pindo zimekunjwa ndani, mshono wa kuficha kuzunguka. Sio lazima uige viraka 9. Wale akina mama wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani, walikuwa wanashona kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinzi na mashati, mara nyingi wanapanga kwa jicho lao, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston na kisha Whitney kule New York. Ukiangalia zile kwilti utaona mstari mmoja mnene wa rangi moja unaweza kuituliza kwilti nzima. Kwa vile mibovu yako mingi iko upande mmoja, mimi ningeifanya huo upande uwe na safu ya miraba ya rangi moja moja iliyotulia, isigombane na ile ya viraka. Mtu akiangalia aone kabisa kwamba hapa mkono wa pili umeingia.

neti_laini

Naongezea kidogo maana nimefanya kazi hii kwenye nguo za zamani. Mraba mmoja kati ya ile 12 usiufunike kwa kitambaa. Chagua ule ambao kahawia imekwisha kabisa na tundu limefunguka mpaka ya ndani inaonekana, ufunike kwa neti nyembamba sana ya rangi inayokaribiana, ile laini ya shela. Inashika nyuzi zilizobaki zisiendelee kutoka na bado unaona chini. Utakuwa na dirisha la kuiona ile kwilti nyekundu bila kuitoa.

Neti ikate ikiwa kubwa kuliko mraba, ifike mpaka kwenye viraka vizima vya jirani, kisha piga bandi fupi kwenye mistari ya mishono iliyopo tayari. Usitoboe kiraka kibovu katikati. Sindano iwe nyembamba na uzi uwe wa pamba, usiutumie wa poliyesta, ule haukatiki kirahisi, nguo ikivutwa kinachokatika ni kitambaa cha zamani. Tunataka uzi ndio ukatike kwanza, uzi unashonwa tena.

uzi_mwekundu

Dirisha! Hapo ndio mmenimaliza, nimekwenda kuangalia na kuna mraba mmoja wa mstari wa tatu uko hivyo hivyo anavyosema neti_laini, kona ya nyekundu inaonekana vizuri kabisa. Huo ndio wenyewe.

Kwahiyo miraba 11 nafunika kwa rangi tulivu, mmoja neti, na ukingo nauzungushia utepe mpya juu ya ule uliolika bila kuubandua. Maswali mawili ya mwisho. Kitambaa kipya kinang'aa sana ukikiweka karibu na hizi rangi zilizokwajuka, mnafanyaje? Na ikikaa kitandani itashikwashikwa kila siku na mimi siwezi kuifua, itakuwaje?

Mama_Tondoo

Kitambaa kipya kigeuze, mara nyingi upande wa nyuma umefifia kuliko wa mbele na unakaa vizuri na za zamani. Kifue kwanza kabla hujakata, mara mbili hivi, kimalize kusinyaa na kuchuja huko huko. Chukua pamba nyepesi inayokaribiana uzito na ya zamani, na hapa nitampinga Kata_Shona kidogo, kitambaa cha jinzi kiache, ni kizito na kigumu, kitavuta viraka laini vilivyo pembeni mpaka vichanike kwenye mshono.

Ya kushikwashikwa, upande wa kichwani ndio unaochafuka kwa sababu ya mikono na uso. Kata kitambaa cha pamba upana wa kama sentimita 30, kikunje kuzunguka upande huo kama bahasha, kishike kwa bandi ndefu. Kikichafuka unakifumua unakifua unakirudisha, kwilti yenyewe haiguswi na maji. Jua la dirishani lisiipige moja kwa moja. Usiku ikitolewa ikunjwe kila mara kwenye mstari tofauti, ikikunjwa pale pale kila siku hapo ndipo itakapokatika, na isilale moja kwa moja juu ya mbao, tandika shuka safi chini, mbao zina asidi inayoacha madoa.

neti_laini

Na lebo, usisahau. Kipande kidogo cha pamba nyeupe, darizi mwaka uliofanya, miraba mingapi umeongeza, na kwamba ndani kuna kwilti nyingine, hilo la ndani usiliache kabisa maana atakayeirithi anaweza kuitia kwenye mashine ya kufulia bila kujua. Usiandike kwa kalamu ya wino, unasambaa. Ishonee nyuma kwenye ile kona uliyoifungua, kwa sababu kona hiyo utaifunga upya hata hivyo, na sindano ishike kitambaa cha chini peke yake isifike ndani.