Mashine tatu za steshenari: ipi ipande Windows 11, ipi ibaki na 10?

mwenye_karatasi

Wakuu, habari za kazi. Nina mashine tatu, zote zilinunuliwa used, zote zina Windows 10 Pro 22H2:

ProBook 450 G5, i5-8250U, RAM GB 8, SSD GB 256.
EliteBook 840 G3, i5-6300U, RAM GB 8, SSD GB 256.
Dell OptiPlex 3020, i5-4590, RAM GB 4, diski ya kizamani ya kuzunguka (hard disk) ya GB 500. Hii ndiyo inayopokea flashi za wateja, na Epson L3110 imeungwa hapo.

PC Health Check (programu ya Microsoft inayopima kama mashine inafaa Windows 11) inazikataa zote, hata ProBook ambayo prosesa yake imo kwenye orodha ya Microsoft. Kazi ni Word, Excel, kuskani na fomu za mtandaoni. Intaneti ni bando la simu. Nilazimishe Windows 11 zote tatu, au zipo za kuacha kama zilivyo?

---

waya_mwekundu

ProBook ipandishe, haina mjadala. i5-8250U ni kizazi cha 8 na inakubalika. Ikikataliwa, mara nyingi ni kwa sababu aliyepiga Windows aliipiga kwa Legacy (njia ya zamani ya kuwasha mashine) badala ya UEFI (njia mpya), kitu cha kawaida kwenye mashine za used. Fungua `msinfo32` usome mstari wa BIOS Mode. Kisha `tpm.msc`, inayoonyesha TPM, ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai; pale chini Specification Version iwe 2.0. Ikisema hakuna TPM, ingia BIOS upande wa Security uiwashe. Usiguse Clear TPM.

Kama ni Legacy, huna haja ya kufuta kitu:

1. Hamishia kazi zako kwenye diski ya nje. Kweli hamisha, si "nitafanya baadaye".
2. Andika `manage-bde -status C:`. BitLocker (kufuli la Windows la kusimba diski) ikiwa imewashwa, izime kwa `manage-bde -off C:` na usubiri ifike 0%. Ukibadilisha mfumo wa kuwaka ikiwa bado imefungwa, itakudai ufunguo wa tarakimu 48.
3. Fungua CMD (dirisha la amri) kama administrator, upime kama diski inaweza kutoka MBR, mpangilio wa zamani, kwenda GPT ambao UEFI inauhitaji: `mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS`
4. Ikipita: `mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS`
5. Zima, washa huku ukibonyeza F10. Tafuta Secure Boot Configuration, chagua "Legacy Support Disable and Secure Boot Enable", hifadhi utoke.

HP ina kituko chake hapo: ikiwaka tena inaleta skrini nyeusi yenye namba nne na kukutaka uziandike halafu Enter. Watu wengi huipita bila kuisoma, mashine inarudi Legacy, na kwa kuwa diski imeshakuwa GPT, Windows haiwaki. Hapo wanadhani diski imekufa. Rudi F10, rudia, andika zile namba kwa vitufe vya mstari wa juu wa kibodi.

Kabla ya yote andika `slmgr /xpr`. Ikikuletea tarehe ya mwisho badala ya kusema imewashwa moja kwa moja, leseni uliyouziwa ni ya ujanja, na kuipandisha hakutaifanya iwe halali. Angalia kama BIOS ina ufunguo wake wa asili: `wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey`. Ukitokea, utumie huo, ila toleo lifanane. Ufunguo wa Home hauwashi Pro.

---

mzee_wa_bando

Nakubaliana kuhusu ProBook. Kuhusu bando: pakua ISO, yaani faili zima la kusakinisha Windows 11, mara moja tu (ni zaidi ya GB 5), iweke kwenye flashi ya GB 16. Ukitumia Windows Update kila mashine itapakua yake. Kwenye mashine inayokubalika, fungua ISO ndani ya Windows 10, endesha setup.exe, na pale inapouliza kuhusu masasisho chagua "Not right now". Mafaili na programu vinabaki. Acha nafasi ya GB 30 hivi kwenye C, maana Windows ya zamani inawekwa kwenye Windows.old. Una siku 10 za kurudi nyuma kupitia Settings > System > Recovery, kwa hiyo usiwe na haraka ya kuendesha Disk Cleanup.

840 G3 mimi ningeilazimisha. Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kusakinisha, ina kisanduku cha kuondoa masharti ya TPM, Secure Boot na RAM. Au ufungue registry (hifadhi ya mipangilio ya Windows) uongeze DWORD `AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU` yenye thamani 1 kwenye `HKLM\SYSTEM\Setup\MoSetup`, kisha setup.exe, hii inadai angalau TPM 1.2. Prosesa ya kizazi cha 6 inaiendesha Windows 11 bila shida.

---

waya_mwekundu

Kuiendesha inaiendesha, mkuu. Tatizo ni mwaka unaofuata. Mashine iliyolazimishwa hupokea masasisho ya kila mwezi, ingawa Microsoft wamesema wazi kwamba hawayaahidi. Ila toleo jipya la mwaka haliji lenyewe. Ukipiga 24H2 leo, msaada wake kwa Home na Pro unaisha tarehe 13 Oktoba 2026, na kabla ya hapo inabidi urudie zoezi lote kwa mkono. Kwa mashine ya nyumbani, sawa. Kwa mashine ya kazi ambayo hakuna anayekumbuka ilipigwa lini, naona ni kujitafutia kazi.

G3 ningeiacha Windows 10 na kuisajili ESU (Extended Security Updates, mpango wa Microsoft wa kuongeza muda wa viraka). Msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, ESU inakupa viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Kiungo cha "Enroll now" kinatokea kwenye Settings > Update & Security > Windows Update, mradi uwe na 22H2 iliyosasishwa na uingie kwa akaunti ya Microsoft yenye mamlaka ya administrator. Akaunti ya ndani ya mashine peke yake haitoshi. Njia ni tatu: uruhusu mipangilio ihifadhiwe kwenye akaunti (bure), pointi 1000 za Microsoft Rewards, au dola 30. Usajili mmoja unatosha hadi mashine 10 za akaunti hiyo hiyo.

Ila ujue mpango huo umelengwa watu binafsi. Wa makampuni ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Kwa mashine moja ya zamani, dola 61 ni afadhali uziweke kwenye akiba ya kununua ya kizazi cha 8.

---

kopi_na_laminesheni

Mbona hamjaigusa Dell? Ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopokea flashi za kila mtu. Kuweka Windows 11 kwenye RAM GB 4 na diski ya kuzunguka ni kujitesa: diski itakaa 100% kwenye Task Manager kabla hata hujafungua Word. Anza na SSD ya SATA ya inchi 2.5, hata ya GB 240, na RAM ifike GB 8. Ile ya umbo la kawaida inatumia DDR3 za desktop, nafasi mbili. Usinunue za laptop. Hizo mbili ndizo zitakazobadilisha kasi, si namba ya Windows.

Halafu ipige Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ambayo inasapotiwa hadi 2029. Virusi vya shortcut vinavyoficha mafolda ya mteja haviendeshwi hapo, na kwenye flashi ya FAT32 yale mafolda yaliyofichwa yanaonekana yenyewe bila amri ya attrib. L3110 ni ya USB tu na inachapa kwa draiva ya Epson ya ESC/P-R. Skana itahitaji Epson Scan 2 ya Linux, ipakue kutoka Epson wenyewe.

---

mzee_wa_bando

Linux steshenari, sawa, lakini msimfiche jambo moja: Word ya mteja ikifunguliwa kwenye LibreOffice (programu ya ofisi inayokuja na Mint) kurasa zinaweza kuhama. Mint inabadilisha Calibri kwa Carlito na Cambria kwa Caladea, upana wa herufi ni ule ule, hizo hazisumbui sana. Kinachosumbua ni majedwali, visanduku vya maandishi na yaliyomo ya ripoti za wanafunzi. Ukurasa wa 14 ukihamia wa 15, mteja anakataa kulipa. Faili za Publisher ndiyo kabisa.

---

kopi_na_laminesheni

Hilo kweli. Kwa hiyo Dell iwe mlango: flashi inachomekwa hapo, PDF na picha zinachapwa hapo hapo. Word yenye mambo mengi inanakiliwa yenyewe tu, si folda zima, inapelekwa ProBook kwa folda ya mtandao, inafunguliwa kwenye Word halisi. Ikija .exe au .lnk, haivuki.

---

mwenye_karatasi

Asanteni sana. Nimeangalia ProBook, ni Legacy kweli, TPM ni 2.0. Lakini `/validate` imeniletea "Disk layout validation failed for disk 0". Diski ina C na D.

---

waya_mwekundu

Fungua Disk Management. Bila shaka D imezungushiwa mstari wa kijani, yaani ni kizigeu cha logical kilicho ndani ya kizigeu cha extended. mbr2gpt haikubali hizo, na pia haikubali zaidi ya vizigeu vitatu vya primary (vya kawaida), kwa kuwa inahitaji nafasi ya kuongeza kizigeu cha EFI, kile ambacho UEFI huwakia. Hamisha vya D kwenye diski ya nje, uhakikishe vinafunguka, futa D, kisha futa na ile Free space iliyobaki kijani mpaka iwe nyeusi ya Unallocated. Rudia `/validate`.

Ikigoma bado, soma `C:\Windows\setupact.log`, sababu inaandikwa pale mwishoni. Na ikibadilisha vizuri lakini ikalalamika kuhusu ReAgent.xml, usiogope: ukishawaka kwa UEFI, andika `reagentc /disable` halafu `reagentc /enable`. D utaiunda upya baadaye kwenye ile nafasi tupu.