Nimekutwa na homa ya ini B, jirani anasema nipandishe kinga. Nifanyeje?

Fundi_Msamvu
Wakuu habari za mchana. Nina miaka 31, fundi magari hapa Morogoro. Nilienda kumchangia damu mgonjwa wetu, baadaye nikaitwa pembeni nikaambiwa nina virusi vya homa ya ini B. Siumwi popote. Nakula, nalala, giaboksi nanyanyua mwenyewe. Daktari kapima ini, ALT (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) imekuja 24, akasema iko sawa, hakuna dawa, nirudi baada ya miezi sita. Sasa mtu una virusi halafu unaambiwa nenda nyumbani?

Jirani anauza virutubisho, anasema kinga yangu imeshuka ndiyo maana virusi vimekaa. Dozi ya kupandisha kinga laki mbili na themanini. Mama watoto ana mimba ya miezi mitano na sijamwambia. Naombeni ushauri, matusi wekeni akiba.

Shemeji_wa_Wote
Pole mkuu. Chemsha mizizi, njoo PM nikuelekeze. Wiki tatu tu.

Kipimo_Kwanza
Fundi, hiyo laki mbili iache mfukoni, na PM usiende. Mimi niko maabara, hepa B naziona kila wiki.

Virusi hivi vyenyewe haviui ini. Vinaweza kukaa ndani ya seli ya ini vikizaliana huku seli ikiendelea na kazi zake. Anayebomoa ni kinga yako. Seli T, yaani askari wa kinga, zikigundua seli yenye virusi zinaiua, na ALT iliyokuwa ndani yake inamwagikia kwenye damu. Hiyo ndiyo tunayoipima. Ni kama kufukuza nguruwe pori shambani usiku: mahindi mnayoyakanyaga ninyi ni mengi kuliko aliyokula nguruwe. Kwa hiyo 24 maana yake fukuza-fukuza kwa sasa ni ndogo. Haina maana virusi havipo.

Na kinga yako haikushuka. Wengi tunaowakuta hivi waliambukizwa utotoni. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki navyo kwa muda mrefu kwa sababu kinga changa inavizoea. Mtu mzima ni kinyume, zaidi ya 9 kati ya 10 huvifukuza wenyewe. Chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania 2002, wewe ulishakuwa mtu wa kutembea.

Fundi_Msamvu
Aisee. Kama kinga ndiyo inabomoa, si bora niishushe?

Kipimo_Kwanza
Hapana kabisa! Kinga ikishushwa virusi vinazaliana bila breki, halafu siku inaporudi inakuta kila seli ina mgeni na inalivamia ini kwa mkupuo. Watu wamekufa hivyo baada ya dawa za saratani. Hata prednisolone, zile zinazouzwa kiholela kwa maumivu ya viungo, ukizitumia muda mrefu ni hatari kwako. Kila daktari utakayemwona mwambie una hepa B.

Sasa saratani. Seli zikiuawa taratibu miaka 20 au 30, zilizobaki zinagawanyika kuziba pengo, na kila kugawanyika ni nafasi ya kunakili vinasaba vibaya. Huku makovu yanajazana. Virusi navyo hujichomeka kwenye vinasaba vya seli, ndiyo maana wengine hupata saratani bila hata ini kusinyaa. Kibaya zaidi, seli T zikipigana muda mrefu bila kushinda huchoka, na hizo hizo ndizo zilizopaswa kuikamata seli iliyoharibika. Kuna dawa za kuziondolea breki seli T, wanasayansi waliogundua njia hiyo, Allison na Honjo, walipewa tuzo ya Nobeli 2018. Zinatumika hata kwa saratani ya ini, lakini bei yake usiulize.

Kwako: ALT peke yake haitoshi. Omba wingi wa virusi, ultrasaundi ya ini na kipimo cha VVU. Ikihitajika dawa ni tenofovir. Haiviondoi virusi, inavizuia kuzaliana.

Mama_Wawili
Mwambie mkeo leo, usingoje kliniki imwambie. Kwetu mwenye hepa B ni mimi, mume hana. Akipimwa akawa hana, anachanjwa sindano tatu, na mimba haizuii. Akiwa navyo, anapimwa wingi wa virusi, vikiwa vingi anapewa tenofovir miezi ya mwisho, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24. Wangu wawili wote wazima. Sahani na vikombe msitengane, tenganisheni nyembe na miswaki.

Pombe acha. Na mahindi yenye ukungu msisage, hata kama mengine yanaonekana mazuri. Ile sumukuvu ikikutana na hepa B, hatari ya saratani inapanda mara nyingi.

Fundi_Msamvu
Nimemwambia jana. Alilia kidogo, akauliza nimejua lini, basi. Kesho tunaenda wote. Wingi wa virusi napimia wapi, mpaka Dar?

Kipimo_Kwanza
Si lazima. Mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu inaweza kupima na hepa B, shida ni katriji zake, ni tofauti na mara nyingi hazipo. Piga simu hospitali ya rufaa ya mkoa uulize kabla hujafunga gereji.