Africa Twin ni ndefu kwangu na viganja vinakufa ganzi: nianze kurekebisha wapi?

Mpanda wa Makorora aliuliza:
Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Nimenunua kwa mtu pikipiki ya Honda Africa Twin, ile CRF1000L, kwa ajili ya safari za kutoka Tanga mjini hadi Lushoto na, Mungu akijalia, Moshi. Urefu wangu ni sentimita 167. Nikisimama pale njia panda ya Segera, ncha za vidole vya miguu ndizo pekee zinazogusa lami, na kabla sijafika Korogwe viganja vimekwisha kufa ganzi na mabega yamekaza. Fundi mmoja ananishauri tuchonge sponji ya siti, kisha tulegeze springi ya nyuma ili pikipiki ishuke. Je, ushauri huu ni sahihi?

Fundi wa Ngamiani:
Kaka, weka kisu chini kwanza. Siti ya pikipiki hiyo ina ngazi mbili, milimita 870 na 850, nayo huhamishwa kwa kuing'oa na kuipachika upya; hakikisha yako iko ngazi ya chini. Hata hivyo, ujue kwamba siti ikishuka vikanyagio vya miguu havisogei, kwa hiyo kila sentimita unayoipata ardhini unailipa magotini, ambayo yatakunjika zaidi kwa saa zote za safari, ilhali kusimama ni kwa dakika chache tu. Kugusa ardhi kwa sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili kunatosha. Ukilazimika kuchonga, punguza kingo za mbele ya siti, pale mapaja yanapolazimika kutanuka, na usiguse panapobeba makalio, la sivyo utaanza kuikalia plastiki ya chini kabla ya Muheza.

Springi usiilegeze kwa sababu ya kimo. Springi hufuata uzito: ukikaa na mavazi yako yote ya safari, nyuma inatakiwa kuzama takriban theluthi ya mwendo wake wote, yaani umbali wote inaoweza kupanda na kushuka. Ikizama kupita hapo, itagonga mwisho kwenye kila shimo, na usukani utakuwa mvivu kwenye kona, jambo usilolitaka hata kidogo kati ya Mombo na Lushoto.

Ganzi inaelekea kutoka kwenye mikono iliyonyooka kupita kiasi. Viwiko vinatakiwa kukunjika kidogo, nao mgongo ubebwe na kiuno, si na viganja. Legeza kidogo bolti za vishikio vya breki na klachi, kisha vizungushe mpaka vidole, kiganja na mkono vikae katika mstari mmoja unapovigusa.

Msafiri wa Raskazone:
Ninakubaliana na fundi, ila viwiko vikibaki vimenyooka hata baada ya hapo, kuna vipande vya kuinulia usukani na kuusogeza nyuma. Ukivifunga, washa injini, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, na usikilize: mlio ukipanda wenyewe, waya wa mafuta, ule unaovutwa na mshiko wa kulia, umevutika. Angalia pia kwamba mpira unaopitisha mafuta ya breki haukukaza. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa haraka zao.

Mpanda wa Makorora:
Ahsanteni sana. Siti kweli ilikuwa juu. Nimeishusha, na leo jioni nitashughulikia vishikio. Mke wangu naye hupanda nyuma, pamoja na mabegi. Je, hilo linabadilisha lolote?

Fundi wa Ngamiani:
Linabadilisha springi, wala si siti. Kaza kile kitasa cha kuzungusha kwa mkono cha shokapu ya nyuma kabla ya kuondoka, nanyi mkiwa wawili juu yake mpime tena ule uzamaji. Usipokaza, nyuma italala, taa itawamulika machoni madereva wanaokuja mbele yako, na pikipiki ikiegemezwa kwenye stendi ya pembeni ikiwa na mzigo itasimama wima mno na kuweza kuangukia upande wa pili. Akishuka na mabegi yake, irudishe ilipokuwa.