Safari ya Aktiki baada ya Idd: Tromsø au Svalbard?

Mkaazi wa Mkunazini, Unguja

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi na mke wangu tumekuwa tukiweka akiba kwa ajili ya safari ya Aktiki, yaani kule kaskazini kabisa mwa dunia, na Mungu akipenda tutaondoka mara baada ya Idd-el-Fitri ya mwaka 2027, inayotarajiwa karibu na tarehe 10 Machi kwa kutegemea mwandamo. Nia yetu kubwa ni kuiona mianga ya kaskazini, ile nuru ya rangi inayocheza angani usiku. Tunasita baina ya mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, na Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard. Je, Machi si kuchelewa? Na sisi tuliozoea joto la kaskazi tujiandae vipi kwa mavazi na kwa ibada?

Mzanzibari aishiye Norwei

Wa alaykumu salaam, kaka. Machi si kuchelewa hata kidogo. Tromsø ipo zaidi ya nyuzi 69 kaskazini mwa ikweta, na tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Lakini ifikapo tarehe 20 Machi mchana na usiku hukaribia kulingana, kwa hiyo mtapata mwanga wa kutembelea na giza la kungojea mianga. Msivuke mwisho wa mwezi huo, kwani mchana hurefuka upesi mno, na kufikia Aprili usiku hubaki na weupe unaoififiza mianga. Tena wakati mliouchagua una faida yake: siku za mwanzo za Shawwal mwezi huwa mchanga na nuru yake ni ndogo, ilhali mkichelewa wiki mbili mtakutana na mbalamwezi.

Kizuizi kikubwa ni mawingu. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki huifanya bahari ya Tromsø isigande, na baridi ya pwani huwa ya wastani, lakini hali hiyohiyo huleta mawingu na theluji. Ndiyo maana waongozaji huwapakia wageni garini na kuwapeleka bara, pengine hadi mpakani na Finland, kutafuta mbingu safi. Tengeni usiku nne au tano, msitegemee mmoja.

Longyearbyen ipo nyuzi 78, na jua hurejea mjini humo tarehe 8 Machi baada ya giza la miezi. Ni pazuri kwa kweli, ila ni baridi zaidi, na nje ya mji hamtembei bila ya mwongozaji mwenye silaha kwa sababu ya dubu weupe.

Bi wa Wete, Pemba

Naongeza suala la viza, kwani wengi hukwama hapo. Svalbard ipo chini ya Norwei kwa mkataba wa mwaka 1920, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Norwei bara ikiwemo. Mkipitia Oslo kwenda na kurudi, mtahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Kwa safari ya kwanza, mimi ningechagua Tromsø.

Mwalimu wa Chake Chake

Ndugu yangu, adui wa mgeni kule ni jasho na upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri, ukivuma upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili huhisi kama nyuzi 20. Fulana ya pamba ikishalowa jasho haikauki, nayo hukuibia joto mgongoni pindi tu unaposimama kutazama mbingu. Basi nguo ya ndani iwe ya sufu, na ya nje izuie upepo. Mabuti yawe na nafasi ya vidole kucheza, na simu ikae kifuani chini ya koti, la sivyo betri itazima.

Kuhusu ibada, sisi huku huelekea kaskazini tunaposali; kule mtaelekea kusini, mkielemea mashariki kidogo. Chukueni khofu, yaani soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu. Mkizivaa mkiwa na udhu kamili, msafiri huruhusiwa kupangusa juu yake kwa siku tatu na nyusiku zake, na hamtalazimika kuvua soksi kila sala katika kituo cha mafuta kilichozungukwa na theluji.