Mjadala: Tamthilia ya mume anayemuua mke asiye na kosa, ibaki kwenye orodha ya lazima chuoni?

Mleta mada

Wadau, salaam. Nafundisha tamthilia za Kihispania za karne ya 17 chuo kikuu, huku ughaibuni, na kila mwaka mzozo ni uleule. Lope de Vega, mtunzi maarufu wa zama hizo, hana mpinzani. Tukifika kwa mtunzi mwenzake, Calderón, kwenye *El médico de su honra*, yaani mganga wa heshima yake, iliyochapwa 1637, nusu ya darasa inataka itolewe. Safari hii ombi limefika idarani: ifanywe ya hiari.

Kwa asiyeijua: Don Gutierre wa Sevilla amemwoa Mencía. Kabla ya ndoa, Mencía alipendwa na Enrique, ndugu wa Mfalme Pedro. Enrique anarudi kumsumbua, anaingia mpaka bustanini, anaacha jambia lake humo ndani. Mencía hana kosa, ila Gutierre ana jambia mkononi na hilo linamtosha. Baadaye anamfuma mkewe akimwandikia Enrique barua. Mke anazirai, akizinduka anakuta ujumbe wa mume: mapenzi yanakuabudu, heshima inakuchukia, una saa mbili za kuishi, wewe ni Mkristo, okoa roho yako. Analetwa mtoa damu, yaani mtu wa kutibu kwa kutoboa mishipa, Ludovico, amefunikwa macho, analazimishwa kumtoboa mshipa bibi huyo na kuiacha damu itoke mpaka afe. Mfalme anaujua ukweli. Adhabu yake? Anamwamuru Gutierre amwoe Leonor, mwanamke ambaye Gutierre aliwahi kumposa na kumwacha, naye kwa shaka tu. Gutierre anauliza, na nikikuta mambo yaleyale kwa huyu je? Mfalme anajibu: mtoe damu.

Mimi nasema ibaki, tena ya lazima. Lakini utetezi ninaousikia kwa wenzangu, kwamba Calderón alikuwa anakejeli tu na kila mwenye akili anaona, unanichosha. Karibuni.

Mwanafunzi wa shahada ya pili

Shikamoo mwalimu. Nimepita kwenye kozi kama hiyo, chuo kingine. Mhadhara kwa mhadhara tulichambua heshima ya Gutierre, hofu ya Gutierre, lugha ya Gutierre. Mencía alikuja kutajwa alipokuwa maiti. Kisha mtihani ukauliza kama Gutierre alikuwa na haki kwa kanuni za zama zake! Nikajikuta wakili wa muuaji ili nipate alama.

Kwani hakuna tamthilia nyingine? Ana Caro aliishi Sevilla karne hiyohiyo na kulipwa kwa kalamu yake. Katika *Valor, agravio y mujer*, Leonor wake akitelekezwa na don Juan anavaa nguo za kiume na kumfuata hadi Brussels. Lope naye anaye Laurencia wa *Fuenteovejuna*, anayewasuta wanaume wa kijiji mpaka wanainuka na kumuua mtawala wao dhalimu. Hao wawili wawe lazima. Calderón amsome anayemtaka.

Mwanasheria mstaafu

Binti yangu, kuhusu mtihani nakuunga mkono. Ila hilo neno "zama zake" lisitupumbaze, zama hizo hazikuisha juzi wala karne ya 17. Sheria ya jinai ya Hispania ya 1944, kifungu cha 428, ilimpa mume aliyemfumania mkewe na kumuua adhabu ya kuhamishwa tu, aishi mbali na pale. Jamhuri ilikuwa imekwisha kuondoa upendeleo huo 1932. Utawala wa kidikteta wa Jenerali Franco ukaurudisha, ukafutwa 1963. Wako bibi walio hai Hispania leo walioolewa kifungu kikiwa kinatumika. Sheria maalumu ya ukatili wa kijinsia ilikuja 2004.

Na angalieni: hata kifungu hicho kibovu kilidai fumanizi. Gutierre hakufumania mtu, amekuta jambia na barua. Asingepona hata mbele ya hakimu wa Franco, lakini kwa Mfalme Pedro anapona na kupewa mke. Hapo ndipo ningeanzia kufundisha.

Mtu wa jukwaa

Mnaijadili kama riwaya. Hii ilitungwa isikiwe. Wanawake wa Hispania waliruhusiwa kuigiza tangu 1587, wakati London ilisubiri hadi 1660. Kwa hiyo maneno ya Mencía aliyasema mwanamke, na wanawake waliyasikia wakiwa kwenye sehemu yao iliyotengwa, *cazuela*, wakiutazama mlango uleule alioingilia mtoa damu. Uwanja wa namna hiyo bado upo mjini Almagro, Hispania, tangu 1628. Na kampuni ya taifa ya tamthilia za kale ilipoanzishwa Madrid mwaka 1986, Adolfo Marsillach aliizindua kwa tamthilia hiihii, wala si *La vida es sueño*, tamthilia ya Calderón iliyo maarufu zaidi, ambayo kila mtu angeitarajia.

Jambo la pili, sisi Waswahili tusijidharau hapa. Mshororo wao mkuu una mizani 8, kama utenzi. Na mtunzi habaki bahari moja. Mwaka 1609 Lope aliandika hata bahari ipi inafaa wapi: *décima*, yaani ubeti wa mishororo kumi, kwa malalamiko, soneti kwa anayesubiri, *romance* kwa kusimulia. Wape wanafunzi wahesabu mizani kwa vidole na kusema kwa sauti. Mtu akiusema usemi wa Gutierre kwa mdomo wake mwenyewe, anasikia jinsi unavyoteleza vizuri, na hapo ndipo anaogopa. Kwa kuusoma kimya unabaki "mtazamo wa zama zile".

Mleta mada

Nashukuru mzee kwa kifungu hicho. Nitakipeleka darasani kama kilivyo.

Dada, Ana Caro nakubali awe lazima, bila mjadala. Ila *Fuenteovejuna* si kimbilio unalolidhani. Laurencia yumo, ndiyo, lakini na Jacinta yumo, anayekabidhiwa kwa askari. Hakimu anatesa watu mia tatu, mfalme anawasamehe kwa kuwa tu muuaji hajulikani, kisha anakitwaa kijiji. Mshairi na mtunzi García Lorca alipoizungusha vijijini na kikundi chake cha wanafunzi, La Barraca, miaka ya 1930, aliwakata mfalme na malkia wasionekane. Ile ya ukombozi tunayoipenda imepita kwenye mkasi.

Kuhusu kejeli, si kwamba hakuna. Watazamaji wa Calderón walijua kuwa Pedro huyu aliuawa na Enrique huyuhuyu, huko Montiel, mwaka 1369, kwa hiyo hakimu anayesema "mtoe damu" wanamwona tayari ana kaburi. Lakini Leonor je? Gutierre anamwonya kwamba mkono anaompa umeoga damu. Anajibu kwamba hashangai wala haogopi, na kwamba maisha yake yakiugua ayatibu kwa ujuzi huohuo. Tukiibatiza kejeli, darasa linapumua na kufunga kitabu. Nataka wabanwe hapo.

Mwanafunzi wa shahada ya pili

Wabanwe, sawa, ila asibanwe yuleyule kila siku. Mkisema kwa sauti kama anavyotaka mtu wa jukwaa, maneno ya Leonor wapeni wavulana wayaseme. Na swali lile la mtihani life.

Muuguzi

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mbona Ludovico mmempita? Ndiye mwenye kazi yangu, ingawa kwa wembe. Ametolewa nyumbani usiku, kafunikwa macho, kaambiwa atekeleze au afe, naye kamuua mtu asiyemjua. Akitoka anapapasa mlango kwa mkono wenye damu ili nyumba ijulikane, halafu anamweleza mfalme mwenyewe. Gutierre kila mtu anamjadili. Mwalimu, kwenye mtihani mpya niulizieni hili: huyu aliyeshika wembe, kisha akaweka alama mlangoni, mnamweka kwenye kizimba au kwenye kiti cha shahidi?