Kuna sheria ya PE (mazoezi na michezo) kwa shule za serikali ama ni vile mwalimu ataamka?

MamaTrio_Naks

Habari zenu wazazi na walimu wa humu. Niko na swali na tafadhali mtu asiniambie nipeleke mtoto private, hiyo pesa sina. Kijana wangu ako gredi ya 8 shule ya serikali hapa Nakuru upande wa Njoro Road, jina la shule nitaliweka kando. Kwa ile ratiba walikopi kwa daftari mwanzo wa mwaka kuna Creative Arts and Sports, lile somo lenye PE iko ndani, mara tano kwa wiki na siku mbili kati ya hizo wanafaa kutoka nje. Hawatoki. Mwalimu wa hesabu anaingia, ama wanaambiwa wakae wamalizie kazi ya sayansi, na ikifika saa tisa na nusu, ile saa sisi enzi zetu tulikuwa tunatimua mbio tukienda fildi, wao wanaanza remedio, yaani masomo ya ziada, mpaka saa kumi na moja na nusu, na hiyo remedio tunailipia, inaitwa pesa ya motisha na risiti hakuna.

Raba nilimnunulia Januari zimekuwa ndogo kabla soli ianze kuisha. Nimezigeuza juzi nikitafuta saizi, ile michoro ya chini bado iko vile ilitoka kwa mitumba. Na uwanja nusu umejengwa madarasa ya junia (gredi ya 7 mpaka 9), sawa, watoto lazima wakae mahali, lakini hiyo nusu ingine ni magari ya walimu na sukumawiki.

Sasa nauliza, kuna sheria inasema mtoto lazima afanye PE ama ni hiari? Na nikienda ofisini kuuliza, kijana hataanza kuandamwa?

Ticha_wa_Vihiga

Mulembe mama Trio. Mimi ni mwalimu wa junia huku Vihiga na nitasema ukweli hata kama wenzangu watanuna. Sheria iko na imetaja mpaka saa. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema shule ya kutwa masomo ya darasani ni saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu, halafu kutoka hapo mpaka saa kumi na dakika 45 ni ya michezo, vilabu, muziki, drama, hizo vitu zote. Jumatatu mpaka Ijumaa. Na si ya timu ya shule peke yake eti wale kumi na wawili wakafanye mazoezi wengine wabaki darasani, ni ya kila mtoto. Kwa hivyo hiyo remedio yenu imekalia saa ya wenyewe.

Lakini pia uelewe upande wa mwalimu. Junia ilianza 2023 ikapachikwa ndani ya primary, walimu wakaletwa kidogo kidogo wengi wao wa kandarasi, unakuta shule iko na walimu wanne na masomo ni tisa. Mwenye alisomea Kiswahili na CRE anapewa Creative Arts and Sports kwa sababu yeye ndiye alibaki na vipindi vichache. Hajawahi kupuliza filimbi maisha yake. Anaingia na kitabu anafundisha handiboli ubaoni, nimeshuhudia hii kwa macho yangu, mwalimu anachora mstari wa mita sita vizuri kabisa, anachora na ule wa mita tisa wa nukta nukta, watoto sitini na kitu wanakopi na rula, na mpira wenyewe umefungiwa kwa kabati ya hedi ticha umeisha pumzi, pampu ilienda na mwalimu mwenye alipewa transfa.

Kitu hunishangaza ni kwamba somo lenyewe linatahiniwa! KJSEA ya kwanza, ule mtihani wa kumaliza junia, ilifanywa 2025 na kati ya yale masomo tisa hilo ni mojawapo. Na asilimia 20 ya ile hesabu ya kumpeleka mtoto senia inatoka kwa kazi zenye anafanyiwa tathmini shuleni gredi ya 7 na 8. Sasa wewe unakula hicho kipindi ndio uongeze hesabu, si unatoa alama mfuko huu unatia ule.

Omera_wa_Manyatta

Ticha umesema poa ila wacha nitenganishe vitu mbili hapo maana watu wataenda ofisini wachanganyikiwe. Niko Kisumu, nimekaa kwa BOM (bodi ya usimamizi) ya shule ya msingi kitambo kidogo na hizi makaratasi nimezisoma.

Sheria yenyewe mama ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Hiyo imekataza kuchapa watoto kwa kifungu cha 36, na kifungu cha 37 kimekataza tuisheni ya likizo, mwenye atapatikana ni faini isiyozidi laki moja ama jela isiyozidi mwaka mmoja ama zote mbili. Juu yake kuna Katiba, kifungu cha 53, mtoto ana haki ya elimu, chakula na matibabu. Lakini ukitafuta ndani ya hiyo sheria mahali pameandikwa mtoto atafanya PE dakika kadha kwa wiki na hedi ticha akikosa atafanywa nini, hutapata. PE inaingia kupitia mtaala, na ile saa ya michezo inaingia kupitia kanuni zenye ticha ametaja. Shuruti iko lakini meno ni machache.

Mimi huona sheria yetu hushika tu mahali imewekwa namba na mtu wa kupima. Sheria ya Mututho ya 2010, ile ya kudhibiti pombe, na Mututho alikuwa mbunge wa Naivasha hapo hapo kwenu mama Trio, ilisema baa ikae angalau mita 300 kutoka shule. Mita 300 unaeza chukua tepu upime.

Utaratibu ni huu. Usiende peke yako. Anza na mwakilishi wa darasa kwa PA (chama cha wazazi), mkiwa wazazi kadhaa, na msiulize "mbona watoto hawachezi", ulizeni ratiba iliyoidhinishwa na mwombe kuona nani amepangiwa vipindi vya Creative Arts and Sports na ni wapi vinafanyikia. Iingie kwa minitsi. Ikikwama pelekeni barua kwa BOM, halafu kwa ofisi ya elimu ya sabukaunti, kuna maafisa wa ubora wa elimu na sheria inawaruhusu kuingia shule kukagua hata bila notisi. Barua ikiwa na majina mengi hakuna mtoto mmoja wa kuandamwa.

kijana_wa_pipeline

Omera hiyo tepu ya Mututho ilipotelea wapi 😂😂 huku kwetu baa iko mkabala na geti la shule, watoto wanasoma nyimbo kutoka kwa spika

Omera_wa_Manyatta

@kijana_wa_pipeline ndio maana nimesema namba NA mtu wa kupima.

Mkakamega_Sacramento

Niko California miaka sasa lakini nyumbani ni Kakamega. Hiyo ya namba ni kweli. Huku Marekani hakuna sheria ya nchi nzima inalazimisha PE, kila jimbo na yake, na hapa California sheria inasema watoto wa elementari dakika 200 kila siku kumi za shule bila kuhesabu mapumziko wala chakula cha mchana, na wale wakubwa dakika 400. Na usidhani huku ni malaika, shule zilikuwa zinakula hizo dakika vilevile wakifukuzia mitihani ya kusoma na hesabu, mpaka wazazi wakapeleka wilaya za shule kortini, na kesi ilikuwa rahisi kwa sababu walikuwa wanalinganisha 200 na ratiba ya mwalimu basi. Wilaya kadhaa zikakubali walimu waanze kuandika hizo dakika.

Shirika la Afya Duniani nalo linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anafaa kusukuma mwili wastani wa dakika 60 kila siku. Hiyo si sheria, ni pendekezo. Lakini ukiangalia ile saa tisa na nusu mpaka kumi na dakika 45 ya Kenya ni dakika 75 kwa siku. Kwa karatasi mmetupita kabisa.

Nyar_Siaya

Naunga mkono ila mnisikize kidogo. Mtoto wangu ako na sikoseli (ugonjwa wa damu wa kurithi) na huku kwetu ziwani na Western hii ugonjwa imejaa, si mimi peke yangu. Shule yake PE iko, lakini mwalimu mmoja alikuwa anaitumia kuadhibu, ukichelewa unazunguka uwanja, ukipiga kelele unazunguka uwanja, saa saba ya mchana na jua la huku mnalijua. Mtoto wa sikoseli akikosa maji na akachoka kupita kiasi anaingia kwa maumivu yenye siwezi kuwaelezea. Aliletwa nyumbani na boda akiwa amejikunja, mikono imeshika magoti, hata kiatu hakuweza kuvua.

Kwa hivyo mkienda kudai PE dai pia mwalimu ajue nani ako na nini. Wangu siku hizi anacheza, simkatazi, daktari mwenyewe alisema acheze, lakini anabeba chupa yake ya maji, anapumzika akitaka si akiruhusiwa, na mvua ikinyesha anaingia ndani. Nilipeleka barua ya kliniki kwa mwalimu wa darasa na nakala kwa ofisi. Pumu pia hivyo hivyo.

Na wasichana je. Sheria ilibadilishwa 2017 serikali iwape wasichana wa shule za umma pedi za bure na za kutosha, muulize mwanafunzi yeyote kama hufika kila mwezi. Msichana hana pedi utamwambia aruke kamba?

CHP_Busia

Dada pole sana na umeongea point. Naongezea tu, Busia tunajua afya ya shule inaeza fanya kazi. Ile utafiti ya dawa ya minyoo ya wachumi Kremer na Miguel ilifanyiwa huku, shule 75, kuanzia 1998, utoro ukapungua kama robo, na Kremer akawa mmoja wa walioshinda Nobel ya uchumi 2019. Mpaka leo siku ya dawa ikifika tunaenda na orodha, mtoto anameza mbele yako, unatia tiki. PE haina mtu wa kutia tiki.

Mzee_wa_Lanet

Mimi nitakuwa mtu mbaya hapa. Hizo remedio sisi wazazi ndio tuliitisha. Kwa mkutano wa PA tulisimama tukasema watoto wafundishwe mpaka jioni kwa sababu tunatoka kazini saa kumi na mbili na wakifika nyumbani mapema ni simu na kuzurura. Sasa leo mnasema mwalimu ni mwizi. Na kucheza itampeleka mtoto wapi? Mimi kijana wangu nataka aende STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu).

Ticha_wa_Vihiga

Mzee shikamoo. Kwanza akicheza mpaka saa kumi na dakika 45 hazururi, ako shuleni na mwalimu. Pili senia kuna njia tatu, STEM, sayansi ya jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo, hiyo ya tatu si ya walioshindwa. Agosti 2025 michezo ya shule za Afrika Mashariki ilifanyika Kakamega hapa, enda uulize hao vijana wa Kakamega High na Musingu kama wanapoteza wakati. Lakini hata aende STEM mzee, mtoto wa miaka 13 ameketi kwa dawati kutoka asubuhi mpaka giza, hiyo hesabu ya saa kumi na moja inaingia wapi? Mimi ndio huifundisha, najua, wanaangalia dirisha.

MamaTrio_Naks

Asanteni sana jameni, sikutarajia majibu hivi. Nimeongea na mama wengine wa darasa kwa WhatsApp, tumefika kumi na mmoja wa kusaini, tunaanza na kuomba ratiba vile omera amesema, na nitaweka kile kipengele cha watoto wagonjwa, asante Nyar Siaya sikuwa nimekifikiria. Pesa ya motisha tutaulizia risiti kando, tusichanganye. Mzee wa Lanet wewe uko karibu, utasaini?

Mzee_wa_Lanet

Nitasaini ya jioni. Ya asubuhi wasiguse, hiyo ya saa kumi na mbili na nusu inasaidia sana.

Omera_wa_Manyatta

Mzee hiyo ya asubuhi ndio mbaya zaidi kwa sheria. Kanuni zile zile za 2015 zinasema shule ya kutwa isimlazimishe mtoto kufika kabla ya saa moja na robo eti kwa masomo ya ziada.

MamaTrio_Naks

Wueh. Wangu hutoka kwa nyumba saa kumi na mbili kasorobo. Hiyo pia inaingia kwa barua, mzee utaamua kama utatia sahihi.