Naomba ushauri: tusaini ruzuku ya mpakani wakati Uingereza inajitoa Umoja wa Ulaya?

Mlezi_Newry (Novemba 2016)
Wakuu, heshima kwenu. Naishi Newry, Ireland ya Kaskazini. Ni mweka hazina wa kikundi kinachowakutanisha vijana wa Kikatoliki na Kiprotestanti wa huku na wenzao wa Dundalk, upande wa Jamhuri ya Ireland. Tumeomba fedha za PEACE IV, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kujenga amani huku mpakani, wa yuro milioni 270. Barua ya kukubaliwa iko njiani na kamati nzima inataka tusaini siku hiyohiyo.

Ninayesita ni mimi. Fedha hizi hazitangulii: unalipa basi, ukumbi na wakufunzi, unatunza stakabadhi, unapeleka madai, ndipo unarudishiwa. Mradi ni wa miaka mitatu. Uingereza ikitoka katikati, madai ya mwisho atalipa nani? Wenzetu wa Dundalk wanasema bora wao wawe mshirika kiongozi kwa kuwa wanabaki Ulaya. Vijana wameanza kuzoeana, tena wametoka mitaa ambayo wazazi wa upande mmoja hawakukanyaga ya upande wa pili. Naumia nikifikiria kuwaambia basi la Jumamosi haliji tena.

Mhasibu_Glasgow
Mkuu, saini. Agosti hazina ya Uingereza iliahidi kulinda mikataba itakayosainiwa kabla ya taarifa ya bajeti ya Novemba. Oktoba waziri wa fedha Philip Hammond akasogeza mwisho huo hadi siku yenyewe ya kutoka. Masharti yapo: mradi uwe na thamani ya fedha na uendane na vipaumbele vya serikali. Anayengoja hali itulie ndiye atakayejikuta nje ya ahadi.

BintiLamu
Kaka, hilo la Dundalk kuongoza halitawaokoa. Nyote wawili mtalipwa kupitia SEUPB, chombo kinachosimamia fedha hizi za Ulaya pande zote za mpaka, na makao yake ni Belfast. Ila chombo hicho si mali ya London peke yake. Kilizaliwa na Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, ule wa amani ya Ireland ya Kaskazini, kiko chini ya serikali za Belfast na Dublin, kina ofisi hadi Monaghan, ndani ya Jamhuri. Mshirika kiongozi awe yule mwenye mhasibu makini, maana ndiye atakayebanwa wenzake wakikosea hesabu.

Mzee_wa_Arusha
Naunga mkono. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, reli na ndege zilivutwa kila nchi kivyake, na ugawaji wa mali ukaja kukubaliwa 1984. Lakini Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1967, ilipewa mkataba wake mpya 1980 na hadi leo iko Kampala. Chombo chenye mkataba wake hakizikwi kirahisi na siasa. Huo wa 1998 ndio muushike, mwanangu.

Kibindoni
Mimi sikubaliani na haraka hii. Ahadi ya waziri haitalipa basi mwezi madai yatakapochelewa. Msisaini kabla hamjajua mtaishi kwa fedha gani kati ya kulipa na kurudishiwa. Zungumzeni na halmashauri au benki sasa. Halafu madai msiyalimbikize, yapelekeni kila dirisha linapofunguliwa.

Mlezi_Newry
Shikamoo mzee, ahsanteni nyote. @Kibindoni, akiba yetu haifiki hata miezi miwili. Na ruzuku inahesabiwa kwa yuro, sisi tunalipa wakufunzi kwa pauni.

Kibindoni
Basi hapo pana mtego mwingine. Siku ya kura ya Juni ya kujitoa Ulaya, pauni moja ilikuwa karibu yuro 1.30, Oktoba ikashuka hadi karibu 1.11. Leo yuro zenu zinazaa pauni nyingi zaidi. Ziada hiyo msiajiri nayo mtu, pauni ikipanda mtashindwa kumlipa. Na kwa akiba ya miezi miwili, ombeni malipo ya awali kwa maandishi kabla ya kusaini. Wakikataa, punguzeni shughuli za mwaka wa kwanza, lakini basi la Jumamosi libaki.

Mlezi_Newry
Barua ya kuomba malipo ya awali naiandika usiku huu. Kamati inakaa Alhamisi.